Mzee anastaafu Januari mosi, na hela yake kila mtu hapa nyumbani ameshaipangia kazi

Kifungua Mimba (28 Desemba)

Wakuu habari za sikukuu. Nimefika Njombe juzi kutoka Dar, nauli za Desemba mnazijua na ule msongamano mnaujua, sina haja ya kueleza.

Mzee wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Tarehe 1 Januari 2026 anatimiza miaka 60 na anastaafu kwa lazima. Hiyo Januari mosi ni ya kwenye makaratasi. Bibi, Mungu amrehemu, alikuwa akisema alimzaa wakati wa kuvuna ulezi, lakini serikali haistaafishi mtu kwa kalenda ya ulezi. Ajira yake ilianza Julai 1990.

Sasa tangu nimefika, kila ninayekaa naye jikoni au uani ananivuta pembeni. Mdogo wangu anayenifuata, ambaye yuko hapa hapa nyumbani, anataka Mzee anunue Hiace ya kwenda Makambako na yeye ndiye awe dereva. Dada yetu wa tatu anaolewa, kikao cha kwanza cha harusi ni Januari hii hii, na kadi ya mchango ya Mzee imeachwa wazi ili aandike mwenyewe "kwa moyo". Baba mdogo anataka milioni tano za parachichi, anasema ekari anayo na miche ya Hass ameshaiwekea oda. Hata mzee wa kanisa amepita kutukumbusha habari ya shukrani.

Mama yeye ana mambo mawili. La kwanza ni nyumba. Tunakaa nyumba ya shule, na mwalimu akistaafu nyumba anaachia. Nyumba yao wenyewe imesimama usawa wa linta mwaka wa nne sasa, migomba imeota sebuleni. La pili ni kitinda mimba wetu. Amefaulu darasa la saba, amepangiwa sekondari ya kata, na Mama anataka aende seminari ambayo ada yake inapita milioni mbili kwa mwaka.

Mzee mwenyewe hasemi kitu. Anasikiliza redio, anakwenda shambani, anarudi. Ukimgusia mambo ya kustaafu anajibu "tutaona".

Ninachoomba ushauri: mimi kama dada mkubwa nimwite Mzee tukae kikao cha familia kabla ya mwaka kugeuka? Na nikimwita naanzaje, isije ikaonekana watoto wanahesabu hela za baba yao akiwa hai na akili zake timamu?

Mjukuu wa Chifu

Mtu kashika chaki miaka 35, nyie mko jikoni mnagawana. Hela ni yake. Akitaka kununua ng'ombe wote wa Wanging'ombe awavalishe tai, anunue. Kikao cha nini?

Bandika Bandua

Ukiona Hiace imeandikwa nyuma "Ahsante Mwalimu", usiulize mafao yalikwenda wapi.

Baba Watatu

Mjukuu wa Chifu, huo ni msemo wa mtu ambaye baba yake hajastaafu. Hela ikiisha hao "wenye hela yao" wanarudi kwa nani? Kwa huyo huyo binti wa Dar. Dada, itisha kikao. Ila usikiitishe wewe, mwombe Mama akiitishe. Baba akiitwa na mwanawe anakaa mkao wa kujitetea. Akiitwa na mkewe anaona ni mambo ya nyumbani.

Kaunta Buku

Kabla hamjagombana, mnajua ni shilingi ngapi? Watu wengi wanagombania namba ya kijiweni. Dada, mshahara wa Mzee ni kiasi gani? Si wa mwisho tu. Kanuni ya pensheni inachukua wastani wa miaka mitatu iliyo mizuri kuliko yote ndani ya miaka kumi ya mwisho.

Kifungua Mimba

Nimechungulia karatasi za mshahara. Kabla ya makato, wastani tuseme 1,300,000. Hapo kuna benki walikuwa wanamkata mkopo wa kumalizia chuo cha dada yetu, umeisha mwaka huu. Sikuwahi kujua kama alikopa.

Kaunta Buku

Haya. Julai 1990 hadi Desemba 2025 ni miezi 426. Mshahara wa mwaka ni 15,600,000. Chukua 426 gawanya kwa 580, ndiyo namba ya kanuni, zidisha na hiyo milioni 15.6, unapata kama 11,458,000. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 40 yake inazidishwa kwa 12.5 ndiyo mkupo, yaani hela anayolipwa kwa mkupuo mmoja: milioni 57 na laki mbili na ushee. Asilimia 60 inayobaki unagawanya kwa 12, inakuwa 573,000 hivi kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake.

Kwa hiyo kila anayeota milioni mia apunguze mto. Baba mdogo wa parachichi anaomba karibu moja ya kumi na moja ya mkupo wote.

Chuma cha Pua

Hicho kikokotoo ndicho kilichotuua. Enzi za PSPF, ule mfuko wa zamani wa pensheni za watumishi, ilikuwa 1/540, nusu unaichukua mkononi, na kizidisho ni 15.5. Mpigie huyo mzee hesabu ya zamani uone.

Kaunta Buku

Nimepiga: milioni 95 na laki tatu na kitu. Ila pensheni ya mwezi ingekuwa kama 513,000, chini kidogo ya hii ya sasa. Na angestaafu kwa ile asilimia 33 ya Julai 2022, kabla bajeti ya 2024/25 haijaipandisha hadi 40, angeondoka na milioni 47 tu. Maumivu nayaelewa, mkuu, ila uzi wa kikokotoo upo kule juu. Hapa tumsaidie dada.

Chuma cha Pua

Sawa, natulia. Lakini milioni 38 si hela ya kutulia.

Chaki Nyeupe

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, niliondoka kazini mwaka 2023, kwa hiyo nilikula ile 33. Naandika kwa simu, mnivumilie.

Watu wote hapa wanazungumzia hela ikishaingia. Mimi nakuuliza kuhusu hela kabla haijaingia. Mshahara wa Mzee unasimama mwezi huu. Mfuko wa pensheni unatakiwa ulipe ndani ya siku 60, lakini siku hizo zinahesabiwa jalada likiwa limekamilika, na hapo ndipo walimu wa umri wetu tunapokwama. Barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, za kupanda madaraja, vyote vinatakiwa. Baba yako aliajiriwa Njombe ikiwa wilaya ya mkoa wa Iringa. Mkoa wa Njombe umezaliwa 2012, na halmashauri zikagawanywa tena. Majalada yalisafirishwa kwenye magari ya mizigo kama viazi. Wenzangu wawili barua zao za kuthibitishwa hazikuonekana popote, wakaanza kuzunguka ofisi moja hadi nyingine wakati mke wa mmoja wao anauza mahindi ya chakula.

Kwa hiyo kabla ya kikao chenu cha kugawana, kaa na Mzee uulize swali moja tu: baba, barua zako ziko wapi? Akikuletea bahasha, panga, toa nakala, zipige picha ziwe kwenye simu. Hilo hawezi kuliona kama mnahesabu hela yake, na atajua uko upande wake.

La pili, simu. Wiki ile niliyostaafu nilipigiwa na kijana anajitambulisha kabisa kuwa ni wa mfuko, anajua jina langu kamili na shule niliyotoka, anaomba nitume laki mbili "za kufungulia faili". Mwambieni Mzee mapema kwamba hakuna malipo ya kufungulia faili.

La tatu, msimkaripie kwa hilo "tutaona" lake. Hapo shuleni ameulizwa maswali na watoto miaka yote hiyo na majibu alikuwa nayo. Hili jibu hana bado.

Kifungua Mimba

Shikamoo Mwalimu. Sikulifikiria kabisa la barua. Namuuliza kesho asubuhi.

Chaki Nyeupe

Marahaba mwanangu.

Nesi wa Kata

Naongeza jambo ambalo huwa linawashtua watu pale dirishani kwetu. Bima. Mzee akistaafu akiwa mwanachama wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake bila kukatwa kitu. Watoto ndio wanatoka. Huyo kitinda mimba anayekwenda kidato cha kwanza kadi yake inakufa na ajira ya baba. Juzi nimempokea mama wa mstaafu amembeba mjukuu, kadi imekataa, anadhani mashine ni mbovu. Nendeni ofisi ya bima wilayani muulize utaratibu wa kumkatia mtoto mapema, kabla hajaugua. Dada mkubwa, hilo jibebeshe wewe. Ni hela ndogo kuliko sendofu.

Bandika Bandua

Mwenye sendofu asikie.

Mama Tumaini

Mimi namwelewa Mama kuhusu seminari. Sekondari za kata tunazijua. Ada hakuna tangu Januari 2016, sawa, lakini mtoto anatembea kilomita ngapi? Wa kike au wa kiume?

Kifungua Mimba

Wa kike. Ni mwendo wa kama saa moja kwa mguu, mvua za Njombe mnazijua, na ukungu wa asubuhi huoni mtu wa mbele yako.

Mama Tumaini

Basi mjadala umeisha. Mtoto wa kike wa miaka kumi na tatu, ukungu, saa moja kwenda na saa moja kurudi. Mama yuko sahihi hata kama hela haipo.

Mjukuu wa Chifu

Tumesoma sisi hivyo hivyo, tukapenya.

Mama Tumaini

Wangapi hawakupenya? Huwaoni humu kwa sababu hawana bando.

Mtunza Vijisenti

Kwa upande wa kuitunza hela, msimpeleke Mzee kwenye biashara asiyoijua. Huko Njombe watamwambia anunue shamba la miti, ni kitu kizuri lakini mtu wa miaka 60 anapanda paini ili avune nani? Parachichi angalau mwaka wa tatu anaanza kuona matunda, ila na yeye awe na nguvu na maji ya kiangazi. Kama kuna kiasi kitabaki baada ya nyumba, mfuko wa hatifungani wa UTT AMIS, ile taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, una mpango wa gawio la kila mwezi kuanzia milioni 10. Haitamtajirisha. Inamwongezea kitu juu ya pensheni, na mtu akija na hadithi ya Hiace, Mzee anajibu kwa amani kabisa kwamba hela haipo nyumbani.

Bandika Bandua

Hilo jibu la mwisho peke yake lina thamani ya milioni 10.

Fundi Bati

Nyumba ni vyumba vingapi? Kama kuta zimekaa miaka minne bila paa kagueni kozi za juu, yaani mistari ya tofali, kwanza, mvua za huko zinakula saruji. Msipandishe kenchi kwenye tofali linalomomonyoka kwa kidole. Na mbao mko kwenye mkoa wa mbao, msinunue mbichi kwa sababu ya haraka.

Kifungua Mimba (29 Desemba)

Vyumba vitatu na sebule.

Mrejesho wa haraka: nimemuuliza Mzee habari za barua. Akainuka bila kusema neno, akarudi na sanduku la bati la chuoni kwake, lile la kufunga na kufuli. Ndani kila kitu kimo kwenye mifuko ya nailoni, kimepangwa kwa miaka. Barua ya kuthibitishwa kazini ipo, imechapwa kwa taipu, herufi "e" zote zimeziba wino. Inayokosekana ni ya kupanda daraja la mwaka 2007 tu. Tumeshinda mchana mzima tunapiga picha. Katikati ya karatasi nimekuta risiti zangu za ada za kidato cha kwanza hadi cha nne.

Chaki Nyeupe

Safi sana. Hiyo ya 2007 mwambie aanze na ofisi ya utumishi ya halmashauri alipokuwa mwaka huo, ndipo nakala ilipobaki. Na aulizie mapema malipo ya nauli na mizigo ya kurudi kwao. Ni haki yake, lakini ni deni linalokawia kuliko yote.

Kifungua Mimba (2 Januari)

Heri ya mwaka mpya wakuu. Kikao kimefanyika jana baada ya ibada, na sikukiitisha mimi wala Mama. Amekiitisha Mzee.

Kwanza mkesha. Mchungaji aliwaita mbele wote wanaoingia hatua mpya, maharusi watarajiwa, wanafunzi wanaoanza, na mwisho akasema "na Mwalimu wetu". Kanisa zima likasimama. Nusu yao aliwafundisha kusoma. Mzee akabaki anafuta miwani.

Baada ya chakula cha mchana akatoa daftari la kaunta. Kumbe wiki yote ile ya "tutaona" alikuwa anaandika. Kila aliyemfuata, maombi yake yameandikwa kwenye ukurasa wake, na chini amesahihisha kwa kalamu nyekundu. Sitanii. Hiace: 12/50, "Ufafanuzi hautoshi. Matairi na bima hayakutajwa. Ukitaka kurudia, lete hesabu ya miezi sita." Parachichi za baba mdogo: 21/50, "Wazo ni zuri. Shamba ni la nani?" Harusi: hakuipa alama, ameandika kiasi atakachotoa na chini yake "Baba". Dada akalia. Shukrani ya kanisa ameandika "nimeshatoa".

Kwangu hakukuwa na ukurasa kwa sababu sikuomba kitu. Akaniuliza kwa nini. Nikasema sina shida baba. Akasema, "Basi wewe utakuwa mweka hazina."

Nyumba inaezekwa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Kingine kikibaki, hakiguswi hadi Julai.

Seminari ndiyo ilileta kelele. Mzee alikataa. Akasema amefundisha watoto wa watu kwenye shule ya serikali maisha yake yote, leo atasimama wapi akimtoa wa kwake? Mama akanyamaza muda mrefu, halafu akasema kikoba chao kimevunjwa Desemba na ada ya awamu ya kwanza anayo, hela ya Mzee hajaiomba. Nyumba ikatulia kabisa. Mzee akasema atafikiri. Dogo ameshaanza kushonewa sketi za shule ya kata na tumeshanunua rimu na jembe, kwa hiyo kwa sasa hatujui anakwenda wapi, na shule zinafunguliwa muda si mrefu.

Mama Tumaini

Mpe Mama hongera zangu. Na hizo sketi zikiwa za bluu zitatumika popote.

Bandika Bandua

Hiace 12/50. Namwomba Mwalimu afungue shule ya wawekezaji.

Namba Mbili

Mimi ndiye wa Hiace. Nimetumiwa huu uzi na rafiki yangu, nimeusoma wote, mnacheka sana.

Niulizeni na mimi. Mzee alipolazwa mwaka juzi ni nani alilala naye wodini? Mama presha ikipanda usiku ni nani anatafuta bodaboda? Dada anakuja Desemba na mikate ya Dar na keki, anakaa wiki, anaandika uzi, anaondoka. Mimi nina leseni daraja C, nimeendesha gari la mtu miaka, jioni napeleka hesabu nabaki na elfu kumi. Niliomba kwa sababu sina wa kumwomba mwingine. Si kwamba namvizia Mzee.

Chaki Nyeupe

Kijana, umesema jambo ambalo lilitakiwa lisemwe kwenye kikao. Aliyebaki nyumbani huwa haonekani kwa sababu yupo kila siku. Lakini umeisoma vizuri sahihisho la baba yako? Ameandika "ukitaka kurudia". Mimi nilipowafelisha watoto niliokuwa nimeshawakatia tamaa sikuwa naandika hivyo.

Kaunta Buku

Namba Mbili, njoo pembeni nikusaidie hiyo hesabu ya miezi sita. Mafuta, matairi, bima, leseni ya njia, siku za gereji, hesabu ya siku. Bure kabisa. Ikikataa kwenye karatasi, utakuwa umeokoa hela. Ikikubali, Julai unarudi kwa mtahini.

Kifungua Mimba

Mdogo wangu, nimeisoma. Nakupigia hupokei. Hilo la wodini sikuliandika kwa sababu niliandika uzi wa hela, na ndiyo hivyo limesahaulika. Bima ya dogo naichukua mimi. Nauli ya Mzee ya kufuatilia barua ya 2007 naichukua mimi pia, ila atahitaji mtu wa kwenda naye, na mtu huyo ni wewe. Gharama ya siku zako nitailipa, sitaki uniambie hapana. Ni kazi.

Namba Mbili

Nilikuwa naoga. Sawa, ila ya siku zangu tutaongea.

Fundi Bati, kama bado upo: leo nimepanda ukutani na Mzee. Kozi ya juu upande wa mvua imemomonyoka, nyingine ziko imara. Tunavunja upande huo tu au linta yote?

Fundi Bati

Nipo. Vunja kozi zilizooza tu, gonga linta yenyewe kwa nyundo ukisikiliza. Ikilia kavu iache, ikitoa mlio wa kufa toboa uangalie nondo. Nitumie picha ya upande wa magharibi asubuhi kukiwa na mwanga. Na migomba ya sebuleni ing'oeni na mizizi yake kabla hamjaleta fundi.

Namba Mbili

Mama amekataa isikatwe hadi mkungu mmoja ukomae. Nitatuma picha kesho.